Kukana, Kuachia, Kukata Tamaa

Sekondari tulifundishwa "give up" kama kitu cha kukariri. Mwalimu aliandika ubaoni, akaweka alama ya sawasawa, akamalizia na "kukata tamaa". Tukanakili. Nimekutana tena na kitenzi hicho nikiandika tasnifu ya uzamili kuhusu makazi ya Katumba, karibu na mji wa Mpanda, na safari hii tafsiri ya ubaoni haikunifikisha popote.

Mwaka 1972, chini ya utawala wa Michel Micombero, Wahutu wengi waliuawa Burundi na wengine wakavuka mpaka kuingia Tanzania. Serikali yetu iliwapa ardhi Ulyankulu, Katumba, na baadaye Mishamo. Walifyeka pori, wakalima mahindi, mihogo na tumbaku, wakazaa, wakazikana. Mwaka 2007 Tanzania, Burundi na UNHCR walikubaliana kuwauliza swali moja: mnarudi au mnabaki? Takribani mmoja kati ya watano alichagua kurudi. Waliobaki waliomba uraia, na kufikia 2010 maombi zaidi ya 162,000 yalikuwa yamekubaliwa.

Kulikuwa na sharti. Sheria ya Uraia ya 1995 haimruhusu mtu mzima kubeba uraia wa nchi mbili, kwa hiyo aliyetaka wa Tanzania alipaswa kuachana na ule wa Burundi. Kwa Kiingereza utasema ali-"give up" uraia wake, kitenzi kilekile cha mtu aliyeacha sigara au aliyempisha mzee kiti ndani ya daladala. Kiswahili hakikupi nafasi hiyo ya kujificha. Sigara unaiacha. Kiti unampisha mtu. Ardhi unaiachia. Uraia unaukana.

Na kukana ni neno zito. Mshtakiwa hukana shtaka; baba asiye na haya hukana mtoto; Petro alimkana Yesu kabla jogoo hajawika, na Katumba kuna makanisa mengi mno kwa mtu kutoijua habari hiyo. Sasa mfikirie aliyezaliwa palepale Katumba mwaka 1980. Anatakiwa kuikana nchi ambayo huenda hajawahi kuiona, nchi anayoijua kupitia masimulizi ya mama yake tu.

Lakini kukana hakukutosha. Mpango ulitaka raia hao watawanywe katika mikoa mingine, na vyeti vya uraia vitolewe baada ya kuhama. Yaani waukane uraia wa kwanza, kisha waachie mashamba, ndipo wapewe karatasi. Uhamisho ukakwama, na mwaka 2011 ukasitishwa. Hapo ndipo napenda sarufi yetu kuliko ya Kiingereza, maana hali yao yote inaingia katika maneno mawili: wameshakana, hawajapewa. Viambishi hivyo viwili, -mesha- na -ja-, vilibeba miaka minne ya watu ambao Burundi haikuwahesabu tena kuwa wake na Tanzania haikuwa imewapa cha kuonyesha polisi njiani. (Katikati ya kusubiri huko, mwaka 2012, hata mkoa ulibadilika: walioomba uraia wakiwa Rukwa wakajikuta wako Katavi bila kuhama hatua moja.)

Oktoba 2014, wakati wa Rais Kikwete, vyeti vilianza kugawiwa, na wakaruhusiwa kubaki walipo.

Mwandishi mvivu angehitimisha kwamba watu wa Katumba "never gave up". Siikubali sentensi hiyo. Uraia wa kwanza waliuacha kweli, na gharama yake isifichwe ndani ya sifa. Mashamba ndiyo hawakuyaachia. Kuhusu tamaa, hilo si jambo la kusemewa watu 162,000 kwa mkupuo. Wapo waliochagua kurudi Burundi, na huko pia ilibidi waulizie upya mipaka ya mashamba ya baba zao.

Kwa lugha ya ofisi, waliobaki wanaitwa raia wapya. Baadhi yao waliingia Tanzania mwaka 1972 wakiwa mgongoni mwa mama zao, na leo wana wajukuu.