Sungusungu: Safari ya Neno na Mamlaka ya Wanakijiji

Makusudio ya makala haya ni kuchunguza neno sungusungu pamoja na historia iliyolibeba. Twaamini kwamba msamiati wa walinzi wa jadi waweza kutufunulia walivyoyaelewa mamlaka yao wenyewe.

Katika Kiswahili, sungusungu ni mdudu mweusi wa jamii ya chungu, mwenye kuuma. Mmoja hupondwa kwa kidole. Wakiwa kundi humtimua mtu mzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jina hili lilishikamana na walinzi wa vijiji vya Wasukuma na Wanyamwezi, walioanza kujikusanya mpakani mwa wilaya za Kahama na Nzega, Tanzania. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umekithiri, na silaha zilizozagaa baada ya vita vya Uganda vya 1978-79 ziliwazidishia wezi ujasiri. Polisi walikuwa wachache, tena wananchi wengi hawakuwaamini.

Yafaa tuyatazame maneno yao. Walijiita pia Wasalama, yaani watu wa amani. Mkuu wao aliitwa ntemi, ilhali utawala wa watemi ulikuwa umefutwa mwaka 1963. Kando yake alikaa katibu, cheo kilichotoka katika ofisi za chama na serikali. Ulipopigwa mwano, yaani ukelele wa kuomba msaada, wanaume walitakiwa kutoka na pinde na mishale. Mkaidi alitozwa faini au alitengwa na jirani zake. Kwa hiyo atakosea mtu akisema kwamba haya yalikuwa mila za kale zilizofufuka tu. Yalikuwa ni mseto wa utemi na kijiji cha siku za Ujamaa.

Hata hivyo, baadhi ya vikundi viliwatesa washukiwa na kuwaandama wanawake waliodhaniwa wachawi. Polisi na mahakimu walinung'unika, bali Rais Nyerere na Chama waliwatetea. Mwaka 1989 sheria ya mgambo ilirekebishwa, wakapewa uwezo wa kukamata.

Jina hilo lilivuka mpaka likaingia Kenya, kwa Wakuria na baadaye kwa Wagusii. Huko Gusii kundi lililoitwa hivyo lilishutumiwa kwa mauaji na kwa kutumiwa na wanasiasa, na mwaka 2010 serikali ililiorodhesha miongoni mwa makundi 33 yaliyopigwa marufuku. Hivyo neno lile lile ni la askari wa kijiji upande mmoja, na la kundi haramu upande wa pili.

Kwa maoni yetu, tofauti hii haitokani na tabia za makabila. Methali yasema umoja ni nguvu, lakini haisemi nguvu hiyo imjibu nani. Jina la mdudu huyu nalo lasifu wingi wake na kuuma kwake, wala halitaji mwamuzi. Kila tulisikiapo likitumika mahali papya, swali la kwanza na liwe hili: ni mkutano gani wa wanakijiji uwezao kuwaita walinzi hawa na kuwauliza walichotenda jana usiku?