Kabla ya Ethiopia kulikuwa na Safari Rally

Nikishuka matatu hapa Kosele jioni, vumbi hadi kwenye lenzi, swali ni lilelile: uliacha chuo ukuje kupiga picha za mpira? Basi wacha niwaambie kuhusu Mohamed Amin.

Wengi tunamjua kwa njaa ya Ethiopia, 1984. Lakini huyo jamaa, mzaliwa wa Nairobi 1943, alikuwa bado mwanafunzi Dar es Salaam alipoanza kufuata magari ya Safari Rally na kamera. Mashindano yenyewe yalikuwa machanga, yalianza 1953. Unangoja barabarani saa nzima, gari linapita mara moja, ukikosa umekosa. Mimi naamini wepesi wake ulitoka hapo. Julai 5, 1969, Tom Mboya, mtoto wa Rusinga, alipopigwa risasi Nairobi, Amin aliwahi na kamera yake, akampiga picha hadi ndani ya ambulensi. Mtu wetu, dakika zake za mwisho, tunazo kwa sababu hiyo.

Sasa mechi za shule huku Rachuonyo, nani anaziweka? Msimu uliopita timu moja ilichukua picha zangu zote, hata nauli sikurudishiwa. Jumamosi kuna mechi Oyugis. Naenda.