Mbwembwe za pop ya Marekani hazikutoka London

Historia iliyozoeleka ya mbwembwe katika pop ya Marekani huanzia ng'ambo. Mwaka 1971 Marc Bolan alionekana kwenye kipindi cha televisheni cha Top of the Pops, Uingereza, akiwa amejipaka unga wa kumeta chini ya macho. Mwaka uliofuata David Bowie akajigeuza Ziggy Stardust, kiumbe wa sayari nyingine mwenye nywele nyekundu. Mtindo huo, tunaambiwa, ukavuka Atlantiki, kundi la Kiss likaudaka, na kuanzia hapo njia ikanyooka hadi kwa Prince, Madonna, Lady Gaga na, siku hizi, Chappell Roan. Simulizi hii inapendwa kwa sababu ni rahisi kuisimulia, lakini inaanzia katikati. Wanja, manyoya na nguo za kung'aa zilikuwa kwenye majukwaa ya Wamarekani weusi wa Kusini miaka mingi kabla Bolan hajagusa kopo lake la unga, na waliozifikisha kwenye soko kubwa la pop kwa ujasiri kuliko wengine walikuwa wanawake watatu ambao simulizi hiyo huwataja kwa kupita tu, ikiwataja kabisa.

Mizizi yenyewe iko Macon, Georgia, alikozaliwa Richard Penniman mwaka 1932. Kabla ya kuwa Little Richard wa redioni, alizunguka na misafara ya wauza dawa na maonyesho ya mahema, ambako kuna wakati alipanda jukwaani na gauni kwa jina la Princess LaVonne. Mwimbaji Billy Wright alimwonyesha namna ya kupaka poda na kuzitengeneza nywele. Mpiga piano Esquerita, ambaye nywele zake zilisimama juu kama mnara, alimpa mengi katika upigaji wa kinanda. Kufikia 1955, wimbo wake Tutti Frutti ulipotoka, sura ilikuwa imekamilika: nywele zimepandishwa, nyusi zimechongwa, uso umepodolewa hadi unang'aa chini ya taa. Ingekuwa makosa kuuona huo urembo tu. Little Richard mwenyewe alieleza baadaye kwamba katika Kusini ya ubaguzi, mwanamume mweusi aliyeshangiliwa na wasichana wa kizungu alikuwa hatarini, na kadiri alivyoonekana kituko ndivyo wenye kumbi walivyomwona hana madhara. Poda ilikuwa kibali cha kuingilia mlangoni. Mwaka mmoja baadaye Screamin' Jay Hawkins alitoa I Put a Spell on You, na mtangazaji Alan Freed akamshawishi aanze onyesho lake kwa kuchomoza ndani ya jeneza. Vituko vya kutisha ambavyo Alice Cooper angevuna navyo fedha miaka ya 1970 vilikuwa vimeshapandwa.

Atakayepinga atasema: sawa, miaka ya 1950 ilikuwa hivyo, lakini uzi ule ulikatika, na walioufunga upya ni Waingereza. Hoja hii ina uzito. Miaka ya 1960 waimbaji weusi walioshika soko kubwa walivaa suti safi na magauni ya heshima, na mwishoni mwa muongo huo vijana wa roki walipanda jukwaani na jinzi, kana kwamba usafi wa nia hupimwa kwa uchakavu wa suruali. Lakini tuulize Waingereza walikiokota wapi walichokirudisha. Bowie alisimulia mara nyingi kwamba ni Little Richard aliyemfanya, akiwa mtoto, atamani kupiga saksafoni. Msomaji wa Unguja huenda anamngoja Freddie Mercury, aliyezaliwa mjini Zanzibar mwaka 1946, na ni haki yake. Ila kundi lake, Queen, ni la London, na habari yake inastahili makala yake yenyewe.

Kuna ushahidi mgumu zaidi kwa hoja yangu, nao siuruki. Kundi la Labelle, yaani wale wanawake watatu niliowagusia mwanzoni, lilibadilishwa sura na Mwingereza. Patti LaBelle, Nona Hendryx na Sarah Dash walianza miaka ya 1960 wakiwa Patti LaBelle and the Bluebelles, wasichana wa magauni ya sare na nywele za bandia, na mwenzao wa nne, Cindy Birdsong, aliwaacha mwaka 1967 akajiunga na kundi la Supremes. Vicki Wickham, aliyewahi kuandaa kipindi cha muziki cha Ready Steady Go! huko Uingereza, ndiye aliyewaambia waweke kando sare na waimbe kuhusu mambo ya watu wazima. Lakini Wickham alileta wazo la kuacha, na kilichojaza nafasi hiyo kilitoka Marekani kwenyewe: tungo za Hendryx, sauti zilizokomazwa kanisani, na nguo za kijana wa Kimarekani, Larry LeGaspi.

LeGaspi aliwavisha fedha. Si fedha ya kupamba pindo, bali ngao za kifuani zenye mng'ao wa chuma, mabega yaliyotanuka kama mabawa, buti ndefu na kofia zilizoelekea angani zaidi ya kichwani. Usiku wa tarehe 6 Oktoba 1974 Labelle walitumbuiza kwenye ukumbi wa Metropolitan Opera, New York, wakiwa kundi la kwanza la waimbaji weusi wa muziki wa kisasa kupata jukwaa hilo. Tangazo liliwaomba watazamaji nao waje na chochote cha rangi ya fedha, na watu wakaitika. Patti alishushwa kutoka juu akiwa na manyoya mwilini. Ikumbukwe kwamba kampuni hiyo ya opera ilimruhusu mwimbaji mweusi, Marian Anderson, kushika nafasi katika onyesho lake kwa mara ya kwanza Januari 1955. Kwa hiyo chini ya miaka 20 ilitosha kutoka ruhusa ya mtu mmoja hadi ukumbi mzima kumeremeta kwa mwaliko wa wanawake watatu weusi.

Anayetaka kuona uzi ukipita mkononi amfuate fundi wa nguo za Labelle. Katika miaka hiyohiyo LeGaspi aliwashonea Kiss, vijana wa New York waliopaka nyuso zao rangi nyeupe na nyeusi, na pia kundi la Parliament la George Clinton, ambalo mwaka 1976 lilianza kushusha chombo cha angani jukwaani mbele ya umati. Roki ya weupe, fanki ya weusi na soul ya Labelle, ambazo maduka ya santuri na vituo vya redio viliziweka katika mafungu tofauti, zilipitia mkasi mmoja. Mwanamitindo Rick Owens alitoa kitabu kizima kuhusu LeGaspi mwaka 2019, miaka 18 baada ya fundi huyo kufariki.

Wapo wasiojali nani alitangulia, kwa kuwa kwao mbwembwe zote ni karatasi ya kufungia muziki hafifu. Hao wamtazame mwimbaji Jobriath. Mwaka 1973 kampuni ya Elektra ilimtangaza kwa kishindo, bango lake kubwa likatundikwa Times Square, na mavazi hayakukosekana. Santuri zake hazikununuliwa. Labelle walikuwa na mavazi ya kushangaza vilevile, lakini pia walikuwa na Lady Marmalade, waliyorekodi New Orleans chini ya Allen Toussaint, na Machi 1975 wimbo huo ulishika nafasi ya kwanza kwenye chati ya Billboard. Nguo humfanya mtu ageuke atazame, ila hazimfanyi arudi kesho.

Baada ya MTV, kituo cha televisheni cha video za muziki, kuanza mwaka 1981, mwonekano ukawa sharti kwa kila msanii, na sihitaji kukawia hapo. Madonna alichukua miondoko ya kumbi za mashoga weusi na Walatino wa New York akaitia kwenye wimbo wake Vogue mwaka 1990. Lady Gaga alivaa gauni la nyama mbichi mwaka 2010. Chappell Roan walau hutamka wazi kwamba sanaa yake inatokana na wanaume wanaojipamba kike jukwaani, yaani nyumba ileile aliyotokea Princess LaVonne. Lady Marmalade yenyewe ilirudi kileleni mwaka 2001 kwa sauti za Christina Aguilera, Lil' Kim, Mýa na Pink, wakiwa na manyoya na wanja mzito, ikakaa nafasi ya kwanza wiki 5. Ya Labelle ilikaa wiki 1.

Labelle walivunjika mwishoni mwa 1976. Jumba la Heshima la Rock and Roll huko Cleveland lilimwingiza Little Richard katika kundi la mwanzo kabisa, mwaka 1986, Bowie mwaka 1996, Parliament-Funkadelic mwaka 1997 na Kiss mwaka 2014. Labelle, hadi orodha ya 2025, hawamo.