Tarehe 1 Januari 1980

Watu wakiona kompyuta ya zamani imekufa hudhani ni uzee tu. Hii haikufa kwa uzee. Iliuawa na bateri ndogo iliyowekwa ndani yake ili ikumbuke tarehe.

Ilikuwa ya marehemu anko yangu, pale Mitunguu. Alikuwa karani Nairobi, akapunguzwa kazini miaka ya tisini kama wengi wa rika lake. Ofisi ilipouza vitu vyake kwa mnada akainunua, akashuka nayo kwa matatu kutoka Nkubu hadi huku chini kwenye joto na ndizi. Majirani walikuwa na kikundi kidogo cha maji, wakampa kazi ya kuandika nani amelipia bomba na nani bado.

Baadaye mchwa wakala madaftari. Mwaka jana mama mmoja jirani akaambiwa kwamba marehemu mumewe hakumaliza mchango, kwa hivyo shamba lake halina zamu ya maji. Migomba bila maji huku chini ni kuni. Akaja kwangu.

"Mwanangu, si wewe ndiye ulisomea mashine?"

Nilisoma miaka miwili, karo ikaisha, chuo kikaishia hapo. Siku hizi naandikia watu makala. Lakini mtu mzima amesimama mlangoni, utamwambia nini? Nikasema, "Wacha nijaribu, mama."

Nilipofungua kasha nilikuta kadi nne zimesimama kwenye sloti zake. Mbili zilikuwa zimeota kijani.

Hapa lazima turudi nyuma kidogo. IBM ilipotoa PC yake Agosti 1981, iliiwekea sloti tano ndani, kila moja na miguso 62. Ukitaka kumbukumbu zaidi, unachomeka kadi. Ukitaka saa, kadi. Diski, kadi. IBM pia ilichapisha kitabu chenye michoro ya saketi zake, kwa hivyo kampuni nyingine zikaweza kutengeneza kadi za kuingia mle, na baadaye kompyuta nzima za kuiga.

Kwa Afrika Mashariki hilo lilikuwa jambo kubwa. Tanzania ilikuwa imepiga marufuku uingizaji wa kompyuta tangu 1974. Kenya hatukuwa na marufuku hiyo, lakini tulikuwa na sheria ya kudhibiti fedha za kigeni, iliyofutwa 1995 pekee, na dola za kuagizia mashine hazikupatikana hivi hivi. Ofisi iliyokuwa na kompyuta moja haikuitupa. Iliiongezea kadi. Kadi zile nne zilikuwa historia ya ofisi ya anko: kila moja ni siku ambayo mtu aliamua kutonunua mashine mpya.

Moja ilikuwa ya saa. PC za kwanza hazikuwa na saa inayotembea umeme ukizimwa. Ukiwasha, mashine inakuuliza leo ni tarehe ngapi. Usipojibu, inachukulia ni 1 Januari 1980. Kadi ya saa ilitatua hilo kwa kubeba bateri ya kuchajiwa. Shida ni kwamba bateri za aina hiyo zikizeeka huvuja, na kinachovuja ni alkali inayokula shaba. Hii ilivuja hadi kwenye sloti, kisha ikatambaa hadi kwenye kadi ya jirani.

Jirani huyo, kwa bahati mbaya, alikuwa kadi ya diski. Diski za wakati ule, hii ikiwa ya megabaiti 20, hazikuwa na akili zao wenyewe. Kadi ndiyo iliyojua jinsi data ilivyopangwa. Ukileta kadi ya kampuni nyingine, mara nyingi haisomi kitu. Yaani kumbukumbu za kikundi zilikuwa kwenye diski, lakini ufunguo ulikuwa ile kadi iliyooza.

Kwanza nilipiga picha kila kitu. Kisha nikakata bateri na kuitoa. Alkali hutulizwa kwa asidi hafifu, kwa hivyo nilichukua siki ya dukani na mswaki wa zamani. Ilipogusa kijani ikatoa povu. Nikasuuza kwa maji safi, halafu spiriti, nikaacha kadi zikauke siku mbili. Meno ya kadi yamepakwa dhahabu, lakini nyembamba sana, kwa hivyo msasa ni mwiko. Nilifuta polepole kwa kitambaa.

Ndipo kazi ya macho ikaanza. Njia za shaba ni nyembamba sana, na ikikatika moja mashine nzima inanyamaza. Nilizipima kwa multimita moja baada ya nyingine, nikisikiliza ipige pii. Tatu hazikupiga. Mojawapo ilitoka kwenye mguso wa tatu wa upande B, unaoleta volti 5. Nilijua hivyo kwa sababu ya michoro ile ya miaka ya themanini, ambayo bado inasomeka. Nikakwaruza hadi shaba ing'ae, nikalehemu nyuzi kutoka kwenye waya wa chaja iliyokufa.

Diski iliamka ikilia kama kinu cha posho. Kisha majina ya faili yakapanda kwenye skrini, karatasi za hesabu za Lotus 1-2-3. Jina la mzee lilikuwemo. Awamu tatu, zote zimelipwa.

Tarehe ya faili: 1 Januari 1980.

Mwenyekiti wa kikundi alicheka. "1980? Hata bomba halikuwepo!" Alikuwa na haki ya kucheka. Bateri ilipokufa, anko aliendelea kuwasha mashine na kubonyeza tu bila kujaza tarehe. Kitu kile kile kilichokula kadi kilikuwa kimekula ushahidi.

Nikarudi kwenye diski. Faili iliyotangulia ilikuwa na tarehe ya kweli, Novemba 1997, na salio lake la mwisho lilikuwa sawa, hadi senti, na salio la kuanzia la ile ya "1980". Basi ya pili ilifuata ya kwanza. Niliwaonyesha wanakamati nambari hizo mbili, wakatoa kalamu na kujumlisha wenyewe. Ilichukua mchana mzima.

Mama alipewa zamu ya Alhamisi.

Kama kwenu kuna kompyuta ya zamani chini ya kitanda cha mtu, usiiwashe kwanza. Ifungue, utoe bateri. Hujui ni salio la nani linakaa pale chini.