Wasifu wa usakinishaji (Rustup)

Wasifu wa usakinishaji ni mpangilio wa Rustup, kisakinishi rasmi cha lugha ya Rust, unaoamua ni vijenzi gani vipakuliwe. Ulianza na toleo la 1.20.0, mwaka 2019. Wasifu “minimal” huleta vitatu tu: kompaila rustc, maktaba sanifu na Cargo, meneja wa vifurushi. Wasifu “default” huongeza nyaraka, rustfmt inayopanga msimbo, na Clippy inayobaini kasoro. Nyaraka zina maelfu ya mafaili madogo. Kuziacha huokoa muda na bando, hasa kwenye Windows na kwenye seva zinazojenga programu upya kila mara. Kijenzi kilichoachwa huongezwa baadaye kwa amri “rustup component add”, bila kusakinisha upya.