Nani Ni Mhitaji? Historia ya Sifa za Kupata Fedha za Masomo ya Chuo Kikuu Tanzania na Kenya

Katika mazungumzo ya kawaida ya Waswahili, mhitaji hatakiwi kuthibitisha uhitaji wake. Majirani humjua, na mara nyingi humstahi kwa kutoutaja. Katika fomu ya maombi ya mkopo wa elimu ya juu, mhitaji ni mtu mwenye vyeti. Makala haya yanafuatilia namna maana hiyo ya pili ilivyofikiwa, kwani washauri wa sera huichukulia kana kwamba imekuwapo siku zote.

Haikuwapo. Nchini Tanzania, katika miaka ya mwanzo ya uhuru, swali lililoulizwa lilihusu uhitaji wa taifa: madaktari wangapi, wahandisi wangapi, walimu wangapi. Mwanafunzi aligharamiwa kwa sababu nchi ilimhitaji yeye, na deni lake lilikuwa la utumishi. Mgogoro wa Oktoba 1966, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam waliandamana kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa na Mwalimu Nyerere akawarudisha makwao, ulikuwa kwa sehemu kubwa mgogoro juu ya ukubwa wa deni hilo. Azimio la Musoma la 1974 liliongeza sharti jingine: mwombaji afanye kazi kwanza, kisha aombewe na mwajiri na tawi la chama. Tabia njema ikawa sifa ya kusoma. Athari moja haikutarajiwa, nayo ni kupungua kwa wanawake wanaojiunga. Haukupita muda mrefu, sharti hilo likalegezwa kwa ajili yao. Ni mfano wa mapema wa sifa iliyoandikwa kwa usawa ikaleta matokeo yasiyo sawa.

Kenya ilitangulia katika njia ya mkopo. Serikali ya kikoloni ilianzisha mfuko wa mikopo mwaka 1952 kwa waliosoma nje ya Afrika Mashariki, na mpango mpana zaidi ukaanza katikati ya miaka ya 1970. Urejeshaji ulikuwa hafifu, na mwaka 1995 ikaundwa kwa sheria Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu. Tanzania ilianza sera ya kuchangia gharama mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikatunga sheria ya Bodi ya Mikopo mwaka 2004, na Bodi ikaanza kazi mwaka uliofuata.

Hapa ndipo neno mkopo linapostahili kutazamwa kwa makini. Wanafunzi wa Tanzania hawakulipokea. Fedha za kujikimu waliziita bumu, na wanaziita hivyo hadi leo. Ni neno la furaha, la kitu kinachoshuka ghafla. Methali isemayo kukopa harusi, kulipa matanga ilikuja kueleweka baadaye, hasa baada ya marekebisho ya 2016 yaliyopandisha makato ya wadaiwa walioajiriwa kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara. Tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha ilifutwa mwaka 2021.

Lakini kiini cha jambo ni vyeti. Anayepewa kipaumbele ni yatima, mwenye ulemavu, au aliyetoka katika kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini. Yatima huleta cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA. Aliyesoma sekondari ya binafsi huhesabiwa kuwa na uwezo, isipokuwa aonyeshe barua ya aliyemfadhili. Kila kigezo kina mantiki yake. Hata hivyo, vyote hupima kile kilichoandikishwa. Kama mhadhiri nimeombwa mara nyingi kusahihisha barua za rufaa, na sentensi inayojirudia kuliko zote ni hii, kwa maneno tofauti: baba yupo, ila hayupo. Kiswahili kinaibeba bila taabu. Fomu haina pa kuiweka, kwa kuwa baba aliyetoweka hana cheti cha kifo wala hati ya mshahara.

Kenya ilijaribu kulitatua tatizo hili kwa upimaji wa kina zaidi. Mfumo wa ufadhili wa 2023 uliwagawa wanafunzi katika makundi manne, ambayo kwa Kiswahili tungeyaita walio hatarini, wahitaji sana, wahitaji, na wahitaji kidogo. Hilo la mwisho linatatiza hata kulitafsiri: ni mwenye uhitaji mdogo, au mwenye kuhitaji fedha kidogo? Familia nyingi zililalamika kuwekwa kundi lisilo lao. Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza mfumo huo kuwa kinyume cha Katiba, na serikali ikakata rufaa.

Katika fomu ya Tanzania imebaki nafasi moja ya ujuzi wa jirani: sahihi ya kiongozi wa serikali ya mtaa au kijiji. Ndiye pekee katika mlolongo mzima anayeweza kumjua baba aliyeondoka na mama anayeuza vitumbua. Fomu humtaka athibitishe kwamba yaliyojazwa ni kweli, kisha agonge muhuri. Mistari mitano ya maelezo yake, kwa lugha anayoitumia kila siku, isingegharimu Bodi chochote zaidi ya karatasi na msomaji mwenye subira.