Msikilizaji Aliyerithi Kiti cha Mfalme

Anayeingia leo katika ukumbi wa Chennai, kusini mwa India, kusikiliza muziki wa Karnatiki huona utaratibu unaodhaniwa kuwa mkongwe kama mahekalu yenyewe. Mwimbaji ameketi chini jukwaani, amekunja miguu. Mpiga fidla yuko upande mmoja, mpiga ngoma ya mridangam upande wa pili, na nyuma yao tanpura inavuma sauti ya msingi isiyokatika. Mbele yao wamo mamia ya watu walionyamaza, mikono yao ikihesabu mapigo juu ya mapaja. Wengi huamini kwamba hayo yote ni urithi wa wafalme na makuhani, uliomfikia msikilizaji wa leo ukiwa umekwisha kukamilika. Mimi naona vingine. Nyimbo ni za zamani, na raga nyingi, yaani mifumo ya sauti ambamo nyimbo hutungwa, ni za zamani zaidi, lakini tamasha lenyewe, pamoja na kimya chake, saa zake na mpangilio wake, lilijengwa na wasikilizaji wa mji mmoja katika muda wa nusu karne hivi, kuanzia mwishoni mwa karne ya 19. Rasika, kama anavyoitwa huko msikilizaji mwenye mapenzi na ujuzi, hakukaribishwa kwenye jengo lililokuwapo. Yeye ni mmoja wa waliolijenga.

Ili kuliona hilo, sharti tuanzie Thanjavur, mji wa bonde la mto Kaveri ambako wafalme wa Kimaratha waliwalisha wanamuziki kwa vizazi kadhaa. Mfalme Serfoji wa Pili, aliyetawala tangu 1798 hadi 1832, alikuwa ameshawakabidhi Waingereza utawala wa nchi mwaka 1799. Alichobaki nacho ni kasri, maktaba na ukarimu wake kwa wasanii. Mwanawe alipofariki mwaka 1855 bila mrithi wa kiume, Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki ikaufuta ufalme. Tangu hapo mwanamuziki wa Thanjavur hakuwa na wa kumtunza. Wengine walikwenda Mysore na Travancore, ambako wafalme walikuwa bado wapo, na wengine wakaelekea Madras, kama Chennai ilivyoitwa wakati huo. Madras ulikuwa mji wa bandari, mahakama na ofisi za serikali ya kikoloni. Haukuwa na mfalme, na ndiyo maana mabadiliko makubwa yalitokea huko. Mfalme anayesikiliza ni mtu mmoja: akipenda raga fulani, msanii ataiimba hadi usiku wa manane, akichoka, kazi imekwisha. Umati wa makarani, mawakili na walimu hauwezi kuridhishwa kwa njia hiyo.

Yupo atakayenipinga kwa kumtaja Tyagaraja. Mtunzi huyo, aliyeishi Thiruvaiyaru, karibu na Thanjavur, kuanzia utotoni hadi kifo chake mwaka 1847, anasimuliwa kuwa alikataa mwaliko wa kwenda kuimba katika kasri, akachagua kumwimbia mungu Rama nyumbani kwake. Ikiwa mkubwa wa watunzi wote aliimba kwa ajili ya Mungu, bila mfalme wala tiketi, msikilizaji anapataje nafasi ya ujenzi? Hoja hii ina uzito, nami sitaki kuipuuza, kwa sababu ibada imo ndani ya nyimbo hizo kuanzia neno la kwanza. Lakini inathibitisha asili ya nyimbo tu. Tyagaraja hakuimba jukwaani akiwa na fidla ubavuni kwa saa tatu mbele ya watu wasiojuana naye. Hata hiyo fidla ilikuwa ndiyo kwanza inaingia katika muziki huu kwa juhudi za Baluswami Dikshitar, ndugu mdogo wa mtunzi Muthuswami Dikshitar, aliyejifunza kuipiga kwa mwalimu wa Kizungu. Nyimbo zilizozaliwa katika ibada ya nyumbani zilihamishiwa ukumbini, na waliozihamisha walikuwa na mahitaji yao.

Nyumba mpya ya muziki huo ilikuwa sabha, yaani chama cha wasikilizaji. Wapenzi wa muziki katika mtaa mmoja walichanga fedha, wakaalika wasanii, wakakodi au kujenga ukumbi, wakauza tiketi. Sabha ya Sri Parthasarathy Swami ilianzishwa katika mtaa wa Triplicane mwaka 1900, na nyingine zikafuata katika mtaa wa Mylapore na kwingineko. Kisha Desemba 1927 chama cha Congress kilifanya mkutano wake mkuu Madras, ukaambatana na kongamano la muziki, na mwaka uliofuata ikazaliwa Music Academy. Tuwatazame waliosimamia taasisi hiyo: rais wake wa kwanza, U. Rama Rau, alikuwa daktari wa tiba, na E. Krishna Iyer, mmoja wa makatibu wake wa mwanzo, alikuwa mwanasheria. Hawa ndio waliopanga nani aimbe siku gani na nani apewe heshima, wakaitisha kila Desemba vikao vya asubuhi ambamo wataalamu waliijadili raga moja moja: ipande kwa sauti zipi, ishuke kwa zipi, kipi kiruhusiwe na kipi kikataliwe. Mwimbaji aliyekuwa akimtii mwalimu wake na mfalme wake sasa aliulizwa maswali hadharani na watu ambao kazi yao ya kila siku ilikuwa kesi na wagonjwa.

Na watu hao walijua walichouliza. Ujuzi wa rasika hauko kichwani tu. Umo mkononi pia, na hapo ndipo napenda kukaa kidogo. Katika adi tala, mzunguko wa mapigo manane unaotumika kuliko yote, kiganja hupiga paja mara moja, kisha vidole vitatu huhesabiwa kuanzia kile kidogo cha mwisho, halafu kiganja hupiga na kugeuzwa, kikapiga na kugeuzwa tena. Mwimbaji anapozungusha sauti za kubuni papo hapo, akichepuka mbali na mdundo kana kwamba amepotea, mamia ya viganja hubaki vinashika hesabu, na vyote vinasubiri atue mahali wimbo ulipoanzia. Akitua sawasawa, ukumbi mzima unajua, naye anajua kwamba umejua. Sikio nalo lina kazi yake. Msanii huanza kuifungua raga bila maneno na bila ngoma, na katika sekunde chache za mwanzo wasikilizaji huwa wameshaanza kuitafutia jina, wakizitenganisha raga zenye sauti zile zile ambazo tofauti yake ni mtikisiko mmoja wa koo. Elimu hiyo zamani ilifungiwa katika familia za wanamuziki. Vitabu vya chapa viliitoa nje, na kikubwa kati yake ni Sangita Sampradaya Pradarsini cha Subbarama Dikshitar kilichotoka mwaka 1904. Magazeti nayo yalileta uhakiki: katika miaka ya 1930 mwandishi Kalki Krishnamurthy, kwa jina la kalamu Karnatakam, aliwahukumu waimbaji mbele ya wasomaji wa gazeti la Kitamil la Ananda Vikatan.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Watasema mpangilio wa tamasha la leo una mwenyewe anayejulikana, na ni msanii: Ariyakudi Ramanuja Iyengar, aliyezaliwa 1890 na kufariki 1967. Kabla yake onyesho liliweza kukesha, na raga moja kufunguliwa kwa masaa. Yeye alianza na varnam, wimbo wa kufungulia, ili kupasha koo na ngoma, akafuatisha nyimbo fupi za mwendo wa kasi, akaweka katikati wimbo mmoja mkubwa wenye ubunifu wote na nafasi ya mpiga ngoma kucheza peke yake, kisha akamalizia kwa vipande vyepesi. Kipaji chake sikikatai hata kidogo. Ila mpangilio huo una umbo la hadhira iliyokuwa mbele yake: watu wa ladha mbalimbali waliokaa pamoja, kila mmoja akitaka asiondoke bure, na wengi wao wakitakiwa kazini kesho yake asubuhi. Ariyakudi aliwasoma vizuri kuliko wenzake. Wasanii wengine walimfuata kwa sababu ukumbi ulikuwa tayari umeamua.

Uwezo huo wa hadhira ulijitokeza wazi zaidi katika ugomvi wa lugha. Nyimbo nyingi kuu ziko katika Kitelugu na Kisanskriti, ilhali wasikilizaji wengi wa Madras walikuwa Watamil. Katika miaka ya 1940 waliodai nyimbo za Kitamil zipewe nafasi zaidi ya mabaki ya mwisho wa tamasha walianzisha chombo chao, Tamil Isai Sangam, mwaka 1943.

Lakini aliyejenga nyumba ndiye pia aliyeamua nani abaki nje, na hapa sifa za rasika zinageuka kuwa deni. Wenye sabha walikuwa kwa sehemu kubwa Wabrahmani wasomi, watu wa tabaka la juu la Kihindu. Sanaa waliyoidai kuwa yao ilikuwa imetunzwa pia na devadasi, wanawake wa mahekaluni na makasrini, na jamii ya wapiga nagaswaram, zumari kubwa ya mahekalu. Veena Dhanammal, wa ukoo wa devadasi, alipiga vina, ala ya nyuzi, nyumbani kwake George Town kila Ijumaa jioni, na wajuzi wakubwa wa mji walikwenda kuketi kimya wamsikilize. Bangalore Nagarathnamma, naye devadasi, alitumia mali yake kujenga mahali pa ibada kwenye kaburi la Tyagaraja kule Thiruvaiyaru, wakati wanaume walioongoza maadhimisho ya mtunzi huyo hawakuruhusu wanawake kuimba humo. M. S. Subbulakshmi, binti wa mpiga vina wa jamii hiyo hiyo, alipewa heshima ya Sangita Kalanidhi na Music Academy mwaka 1968, mwanamke wa kwanza kuipata, takriban miaka 40 tangu Academy ianzishwe. Wanaosema kwamba muziki hauna tabaka, kwamba sikio halimuulizi mtu ukoo wake, wajibu kwanza ni nani aliyekuwa akiuza tiketi na ni nani aliyekaa viti vya mbele.

Mwaka 2015 mwimbaji T. M. Krishna, mwenyewe Mbrahmani, aliacha kuimba katika msimu wa matamasha wa Desemba kwa sababu hizo hizo, na pamoja na wenzake akaupeleka muziki huu katika kijiji cha wavuvi kilichomo ndani ya Chennai. Machi 2024 Academy ikamtangaza kuwa Sangita Kalanidhi. Baadhi ya wasanii mashuhuri walijitoa katika tamasha la mwaka huo kupinga uamuzi huo, nayo Academy haikurudi nyuma. Desemba Krishna aliimba katika ukumbi ule ule alioukimbia, na wasikilizaji waliujaza.